Bango la Scholastika

Tuanze na ukweli kabla watu hawajampamba: Mwinshehe ni fundi wa picha za studio. Ana chumba kimoja Mwembesongo, kati ya kinyozi na duka la spea za baiskeli, chenye pazia la buluu, stuli ya kuzunguka na kioo ambacho wateja hujitazama mpaka wanasahau kuna foleni nje. Enzi zake palijaa. Maharusi, watoto waliomaliza darasa la saba, vijana wanaotafuta kazi. Kisha simu zikaja na kamera, kila mtu akawa fundi, na Mwinshehe akabaki na wenye shida ya picha za pasipoti na wazee wanaotaka ya kutundika sebuleni.

Ndipo alipopata kibarua cha mlima. Shirika moja dogo la mazingira, lenye ofisi ya vyumba viwili mjini, lilitaka mtu wa kupiga picha za misitu na mito ya Uluguru, sehemu zilezile, kila kiangazi, ili wananchi waone kwa macho yao kinachotokea. Wataalamu walikuwa na takwimu zao, lakini mkulima aliyetoka shamba ukimsomea takwimu alasiri, anasinzia. Basi kila mwaka Mwinshehe alipanda na kamera na stendi yake, akasimama juu ya mawe yaleyale, akapiga, akashuka, akachapisha kubwakubwa kwenye turubai, kisha akapanda tena kuzitundika kwenye kuta za ofisi za vijiji na kuzieleza. Hapa msitu ulikuwa unaishia, leo umerudi nyuma mpaka kule. Huu mto ulikuwa wa kuvuka kwa kushikana mikono, leo mbuzi anavuka na kwato zake kavu.

Kazi nzuri ukisimuliwa. Ukiifanya, inachosha mpaka roho. Magoti yalishamkataa zamani, na kila akishuka alikuwa akishika kuta za nyumba yake mwenyewe kama mgeni. Lakini magoti si kitu. Waliomchosha ni watu. Unatundika picha ya msitu ulioteketea, mtu anaisogelea, anakodoa macho, anauliza, "Mimi nipo wapi hapa?" Akijikosa anamtafuta shemeji yake. Akimkosa na shemeji anaondoka zake. Mwinshehe alikuwa anaeleza mpaka koo linakauka, na mwisho wa maelezo mtu ananyoosha mkono kuuliza kama naye anaweza kupigwa moja ya ukumbusho.

Akatumia akili ya studio. Kama wanataka watu, atawapa watu. Akaanza kumsimamisha mwenyeji mbele ya kila mandhari, na kweli, wananchi wakaanza kukaa na kusikiliza. Ndivyo alivyofika kwa Scholastika.

Scholastika ni mjane, mkulima wa kabichi na karoti katika kijiji kimoja cha juu kabisa huko Mgeta. Shamba analolima ni la ukoo, na kwa Waluguru ukoo ni wa upande wa mama, lukolo wanavyouita wenyewe, na mwenye kauli ya mwisho ni mjomba. Chini ya shamba hilo kuna chemchemi. Kaka zake walikuwa wakilima mpaka ukingoni mwake, na kila kiangazi ilibaki tope la nguruwe. Scholastika alibembeleza, akanuna, akagombana nao, wakapatana, wakagombana tena, mpaka mjomba Oscar akakubali kipande kile kisilimwe. Akapanda mikuyu kuzunguka maji. Mikuyu ikashika, maji yakarudi, na sasa wanawake wa kitongoji kizima wanateka pale. Shirika likasikia, likamtuma Mwinshehe akampige picha mwanamke aliyeokoa chemchemi.

Siku alipofika, Scholastika alikuwa na jembe mkononi na matope mpaka magotini. Akaomba asubiriwe. Akaenda kuoga, akarudi na kitenge cha Jumapili, hereni na kilemba kilichopigwa pasi. Mtu wa ofisini angemwambia arudie jembe lake. Mwinshehe hakuwa mtu wa ofisini. Kwake yeye mteja akivaa ameiheshimu kazi, akamsifu kwa moyo wote, akamsimamisha mbele ya mikuyu yake.

Akachungulia kwenye kamera. Jua lilikuwa nyuma ya mikuyu, na uso wa mama wa watu ulikuwa giza tupu. Sasa, katika studio ya Mwinshehe kuna sheria moja aliyofundishwa tangu ujana na hajawahi kuivunja: sura ya mteja isiingie giza. Mteja asiyejiona uso harudi tena, na atakusema mtaa mzima. Kwa hiyo akafanya alichokuwa anakifanya maisha yake yote.

"Geuka kidogo, dada. Kidogo tena. Haya, hapohapo."

Jua likamwangukia Scholastika usoni, akatabasamu, na Mwinshehe akapiga picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga mlimani. Kilichokuwa nyuma ya mama huyo sasa hakikuwa mikuyu tena. Kilikuwa mteremko wa ng'ambo, umechomwa na kulimwa mpaka kileleni, na aliyeuchoma hajajitaja hadi leo. Mwinshehe aliuona. Aliona tu kwamba ule weusi unamtoa mtu vizuri, kama pazia lake la buluu.

Picha zote za kiangazi kile alizipeleka ofisini kwenye flashi moja, bila majina wala maelezo. Ndiyo mazoea ya studio; mteja huja kuchukua picha yake mwenyewe na anajua ni yeye. Anayetengeneza matangazo pale ni binti mmoja mchapakazi anayeitwa Winfrida, ambaye huko juu hajawahi kufika. Winfrida alifungua ile flashi, akaona mlima uliovuliwa nguo na mwanamke anayecheka mbele yake, akajua amepata bango. Likasimamishwa Msamvu, mahali ambapo kila abiria wa mabasi analiona, na maandishi mekundu: MSITU UNAKWISHA. MAJI YETU YANAKWISHA.

Aliyemletea Mwinshehe habari ni mkewe, Mwanahawa, akitoka kwenye foleni ya maji. Mabomba ya mtaani kwao yalikuwa yanatoa upepo tangu wiki iliyopita, na wanawake kwenye ndoo hawana pa kupeleka hasira.

"Baba Nasra, kuna mama kwenye bango kule Msamvu, watu wanamlaani," Mwanahawa alisema, akitua ndoo. "Wanasema anamaliza miti halafu anacheka. Ile picha si yako?"

Mwinshehe alikwenda kuangalia. Alisimama chini ya lile bango, mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akatamani picha yake iwe imeharibika.

Winfrida alipoambiwa alishika kichwa. Hakuwa na ubaya, na tusimsingizie. "Jamani, baba, mbona hukuandika?" aliuliza. Mkurugenzi alikuwa safarini, na bango haliwezi kuteremshwa bila yeye. Winfrida aliahidi kumsumbua kwa simu mpaka akubali. Lakini siku hiyo haitawezekana, alisema, wala kesho.

Jioni Scholastika akapiga simu. Mwinshehe alijiandaa kutukanwa, na angepokea matusi kwa shukrani. Mama yule alikuwa anaongea polepole, kama mtu aliyekwisha kulia.

"Kaka, mimi kusemwa nimezoea. Ila kaka zangu wameliona hilo bango. Wanasema shirika limenipaka matope makusudi, tuonekane waharibifu, halafu serikali ije ichukue chemchemi iingizwe hifadhi. Wanataka kuilima haraka kabla haijachukuliwa. Wanakaa kwa mjomba Jumamosi. Wakikubaliana, Jumatatu mikuyu inakatwa."

Mwinshehe akasema atakuja. Alipokata simu alikaa juu ya stuli ya wateja, akijitazama kwenye kioo, na alichokiona hakikumpendeza. Miaka yote ile ya kupanda na kushuka, na mti wa kwanza kukatwa kwa sababu yake ungekuwa mkuyu wa Scholastika.

Jumamosi alifika amechoka hoi, shati limemgandia mgongoni. Walikuwa wamekaa kwenye baraza la mzee Oscar, kaka wote watatu upande mmoja na Scholastika peke yake upande wa pili, amejifunika khanga kama yuko msibani. Mwinshehe akamwamkia mzee shikamoo. Oscar akaitikia marahaba bila kumkaribisha kiti.

"Nani alimwambia mwanangu asimame pale?" mzee aliuliza.

"Mimi, mjomba."

"Shirika ndilo lililokutuma umpige na ule mlima mweusi?"

"Hapana. Lilinituma nipige mikuyu. Jua lilikuwa upande wa mikuyu, uso wake ukawa giza. Nikamgeuza."

Kaka mkubwa aliguna. "Kwa jua? Ukoo mzima utukanwe Msamvu kwa sababu ya jua?"

Kwa kweli jibu lilisikika la kijinga, hata masikioni mwa Mwinshehe. Akaona maneno hayatamfikisha. Akaomba ruhusa, akatoa kamera, akamwomba mzee asimame uani. Akampiga moja akiwa ameipa mgongo nyumba yake mpya ya bati. Akamshika bega, akamgeuza kidogo, akapiga ya pili. Akawaonyesha zote kwenye kioo cha kamera. Katika ya kwanza mzee ana nyumba. Katika ya pili mzee anaonekana amehamia chooni na kuku wake.

Kaka mdogo aliangua kicheko, akajizuia, akashindwa. Hata Scholastika alitabasamu ndani ya khanga. Mzee Oscar alizitazama zile picha mbili kwa muda mrefu, akihama kutoka moja kwenda nyingine, na wala hakucheka.

"Kwa hiyo hakuna mtu anayetaka chemchemi yetu," alisema mwishoni.

"Hakuna, mjomba. Kuna fundi mjinga tu."

Wale kaka walitazamana. Hasira ilikuwa imewatoka, na mtu aliyekwisha kucheka ni vigumu kuirudisha. Mkubwa wao akasema basi, kama ni hivyo, mikuyu ibaki. Scholastika alishusha pumzi kwa nguvu, kila mtu akaisikia.

Mwinshehe alidhani yamekwisha. Akaanza kurudisha kamera kwenye mkoba.

"Ngoja kwanza," alisema Oscar. "Zile picha ulizotutundikia ofisi ya kijiji. Mto unakauka, msitu unarudi nyuma. Tumezitazama miaka mingi, na mimi ndiye niliyewaambia hawa waziamini. Zile nazo uligeuza?"

"Zile hapana. Zile nasimama jiwe lilelile kila mwaka."

"Jiwe alichagua nani?"

 Mwinshehe angeweza kusema ni wataalamu. Wasingejua. Lakini alikuwa amepanda mlima ule kusema kweli, na hakuwa na nguvu iliyobaki ya kitu kingine.

"Mimi," alijibu. "Nilichagua panapoonekana vizuri."

"Panapoonekana vizuri nini?"

"Ubaya, mjomba. Panapoonekana vizuri ubaya. Lakini ubaya upo. Msitu kweli unarudi nyuma."

"Inawezekana," alisema mzee, na hakusema kwa chuki. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeuziwa kitu na sasa anakikagua upya. "Ila mimi sitaweza tena kuwaambia watu wazitazame. Wakiniuliza nitawajibu nini? Ukishuka zichukue, mwanangu."

Alizichukua. Alikwenda ofisi ya kijiji, akapanda juu ya benchi kwa magoti yale yanayouma, akazifungua moja moja kutoka ukutani. Zile za awali zilikuwa zimepauka na kujaa vumbi, na nyuma yake ukuta ulikuwa msafi, una alama za miraba. Akazikunja pamoja akazifunga kwa kamba yake. Turubai za miaka mingi, na mzigo wake haukuwa mkubwa kivile. Hilo lilimuuma kuliko maneno ya mzee.

Scholastika alimsindikiza. Walipofika juu ya chemchemi, mwanamke mmoja alikuwa anateka, anajaza ndoo bila haraka, na maji yanaendelea kutoka. Mikuyu ilikuwa imefunga kivuli kizito. Jua lilikuwa palepale upande wa miti, kama siku ile. Mwinshehe akatua mzigo wake.

"Simama pale, dada," alisema. "Safari hii nakupiga na mikuyu yako. Uso ukiingia giza na uingie. Nitaipeleka ofisini mwenyewe, na maelezo nitaandika."

Scholastika aliitazama ile kamera. Hakuonekana kuwa na kinyongo, alionekana amechoka tu, sawasawa na yeye.

"Hapana, kaka. Umenisaidia, na Mungu akulipe. Lakini niache hivihivi. Anayetaka kuiona, njia ipo."

Akamuaga, akateremka kumsaidia mwenzake kujitwika ndoo.

Bango la Msamvu liliteremshwa baadaye, Winfrida alitimiza ahadi yake, na sasa pale pana picha ya ndege wa msituni. Mwinshehe bado anapanda vijiji vingine, ingawa habari zilimtangulia na watu humuuliza kwanza alisimama wapi. Naye huwajibu. Nyumbani kwake kuna picha za Uluguru zimejaa chini ya kitanda na juu ya kabati, mito inayokufa na misitu inayoungua, miaka na miaka. Maji pekee anayoweza kuapa kwamba aliyasaidia yasikauke, hayamo hata katika moja.