Funda la Komoni

Ningemwambia hapana, basi. Mdogo wangu alikuja kwangu Jumamosi asubuhi, kanga imelowa matope mpaka magotini, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Shikamoo kaka. Leo naomba ukanionjee pombe. Daktari amenikataza, anasema tumbo lina vidonda."

Wiki mbili kabla, mbele ya jumuiya yetu nzima, nilikuwa nimesimama na kuweka nadhiri kwamba Kwaresima ile sitagusa kilevi. Hakuna aliyeniomba. Nilitaka tu wasikie. Sasa ningeweza kumwambia mdogo wangu habari za nadhiri hiyo, nikamtuma kwa shangazi yetu, nyumba ya tatu kutoka kwake, mwanamke aliyependa komoni, pombe yetu ya mahindi na ulezi, kuliko sisi wote. Badala yake nikasema, "Marahaba. Nitakuja."

Akashukuru, akaondoka na mvua yake. Nikabaki nimekasirika, na hasira yote nikaielekeza kwake, kana kwamba yeye ndiye aliyenifunga mdomo.

Nyumba aliyokuwa akiuzia pombe ilikuwa ya marehemu baba yetu, hapa hapa Ifakara. Baada ya kufiwa na mumewe alirudi pale na wanawe watatu, akabomoa ukuta kati ya sebule na chumba cha mzee, akaweka mabenchi ya mbao kuzunguka pande zote. Rafu ya redio ya baba aliiacha ilipokuwa. Akapanga makopo juu yake. Uani, penye banda la kuku la zamani, palikuwa na mapipa mawili ya kupikia uji wa mahindi, na mkeka wa kuanikia kimea cha ulezi. Mvua ikinyesha nje, mle ndani palikuwa na joto zuri na harufu ya uji uliochachuka, na watu waliongea kwa sauti za nyumbani. Hata mimi, kabla ya kujifanya mtakatifu, sikujua mahali pengine ninapopenda kukaa kama pale. Nyumba hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wake. Hakuwa na shamba wala kazi nyingine.

Kwetu bondeni mtu hanywi pombe ya mwingine kabla mwenye nyumba hajaitangulia. Pipa jipya likifunguliwa, mpishi hujaza kopo, hunywa mbele ya wote, hugeuza kopo chini kuonyesha limekwisha, ndipo husema, "Karibuni." Asipoweza yeye, anywe mtu wa damu yake. Watu wetu wanaogopa sumu kuliko wanavyoogopa mamba, na pombe isiyoonjwa hainunuliwi hata ikiwa tamu namna gani.

Nilifika saa nane mchana. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Palikuwa na wakulima waliotoka Idete kuja sokoni, mafundi wawili wa baiskeli, na mgeni mmoja, mfugaji wa Kisukuma mwenye fimbo ndefu na blanketi begani. Watu wa kwao walikuwa wameanza kuingia bondeni na ng'ombe wao, na huyu alikuwa wa kwanza kukanyaga mle ndani. Alikuwa amekaa karibu kabisa na mlango wa uani.

"Haya, mwonjaji amefika!" fundi mmoja akasema. "Leo tutakunywa pombe iliyobarikiwa na jumuiya."

Wakacheka. Nilikunja uso. Kwa nini alijua? Kwa sababu nilihakikisha kila mtu anajua.

Mdogo wangu akanipa kopo. Njiani nilikuwa nimepanga hila yangu: niijaze kinywani, nigeuze kopo, nitoke uani kama naenda kukagua mapipa, niteme. Funda nisilolimeza halivunji nadhiri. Ndivyo nilivyojiambia, mtu mzima niliyesoma mpaka kidato cha nne. Kopo nilikuwa nimeomba liwe nusu.

Nikaijaza kinywani. Mashavu yakafura. Nikageuza kopo chini, halikudondosha kitu. Nikainua mkono kuwakaribisha, nikaanza kuelekea mlangoni.

"Mwadila, baba," yule mfugaji akanisalimu kwa heshima kabisa, kwa lugha yao.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hajasema karibuni," mzee mmoja wa Idete akasema.

"Labda imemng'ata ulimi," akasema fundi. "Mzee, tukaribishe basi, koo zimekauka!"

Nikapunga tena mkono. Mfugaji alikuwa akinitazama shingoni, kama mtu anayetazama ng'ombe wa kununua. "Kikoromeo hakijapanda," akasema polepole. "Huyu hajameza."

Kicheko kikakatika. Nilikuwa bado na nafasi. Kumeza tu, jambo la kupepesa jicho. Lakini niliona kama macho yote yananipima nadhiri yangu, na pombe ikaanza kunichoma pembeni mwa ulimi, nikakurupuka mpaka mlangoni nikaitema nje, kando ya mkeka wa kimea. Wote wakaona. Kaka mtu ametema pombe ya dada yake.

"Kaka." Mdogo wangu alikuwa amejaza kopo jingine. "Kunywa. Waambie ni nzima."

"Nina nadhiri," nikasema.

"Kama una nadhiri, ulikuja kuonja nini?" mzee wa Idete akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua kweli.

Mdogo wangu akanitazama, kisha akainua lile kopo akalinywa lote yeye mwenyewe, na vidonda vyake, akaligeuza chini. "Karibuni," akasema.

Lakini pombe iliyotemwa na ndugu wa damu haina wa kuiamini tena; mzee wa Idete akainuka, akatafuta kofia yake. "Mama, ugua pole. Tutakuja siku nyingine." Mafundi wakamfuata. Mfugaji alikuwa wa mwisho; alisimama kidogo kama mtu anayetaka kuomba radhi, kisha naye akatoka kwenye mvua. Tukabaki wawili na mapipa mawili yaliyojaa. Alikuwa ameshika tumbo. Nilitaka kusema neno, nikasema eti watu wa siku hizi wana maneno mengi.

"Nenda nyumbani, kaka," akanijibu.

Habari ilifika Idete kabla ya Jumapili, na kila kijiji kiliiongezea kitu chake. Nilizunguka nikieleza habari ya nadhiri. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo walivyozidi kuamini kwamba kuna ninachoficha. Shangazi alionja mapipa mengine matatu, akanywa mpaka akayumba, hawakurudi. Kabla mpunga haujavunwa mdogo wangu alifunga nyumba, akahamia kijiji cha Mbingu kulima vibarua katika mashamba ya watu.

Nilimtembelea mara tatu. Kila mara aliniletea maji ya kunywa katika kikombe, akanywa kwanza yeye, akakigeuza chini mbele yangu, kisha akakijaza tena na kunipa kwa mikono miwili. "Karibu, kaka." Hakunitukana. Mara ya nne sikwenda. Niliona aibu, na aibu hiyo nikaiita shughuli.

Alipougua mara ya mwisho wanawe hawakunipa habari. Niliambiwa na muuza samaki wa Mofu, siku tisa baada ya mazishi, naye alidhani najua. Nilikuwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja. Nilimpoteza yeye, na nyumba ya baba yetu ikaanguka ikiwa tupu, kwa sababu sikuthubutu kumwambia hapana mlangoni pangu, na nilipokwisha kusema ndiyo sikuthubutu kumeza.