Jino la Pancras na Mrija wa Posa

Hebu mwone Pancras anavyoingia uani kwa Mzee Audax, hapa Mugoma: shati limenyooshwa kwa pasi ya mkaa, mkono umefunika mdomo. Kaja kuposa. Anachoogopa si mahari. Ni mrija.

Kwetu mkwe na baba mkwe hunywa pombe ya ndizi kutoka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, wazee wa pande zote wakitazama. Sasa, jino moja la mbele la Pancras lilichomoza hata mdomo ukawa haufumbi sawasawa. Alipovuta, hewa ikapita pembeni, mrija ukapiga mluzi, pombe ikamtiririka kidevuni.

"Mwanangu," Mzee Audax akasema, "unakunywa au unaita ng'ombe?"

Watu wakacheka. Theodosia, binti mwenyewe, alikuwa nyuma ya mlango, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Nenda kazibe hapo, ndipo urudi," mzee akamaliza.

Pancras akaenda kwa Bonaventura, daktari wa meno wa misheni. Daktari akalifunga jino waya pamoja na majirani zake, akatia vimpira vidogo vya kulivuta ndani.

"Polepole tu," akamwonya. "Rudi mwezi ujao nikukague."

Mwezi huo ulipofika ikawa ni vita vya Kagera, daktari akaenda kutibu majeruhi. Vimpira vikakatika. Pancras akakata vingine kwenye mpira wa valvu ya baiskeli, akavifunga mwenyewe, na kwa kuwa alimtaka Theodosia upesi, akavikaza hasa.

Meno yakahama kweli. Ila siyo lile. Lenyewe lilikaa palepale. Majirani ndio waliolifuata nje, mpaka safu yote ya mbele ikasogea kama mgambo walioamriwa hatua moja mbele.

Akaenda kwa Audax kuomba radhi tu, arudi zake. Lakini mgeni hanyimwi mrija. Akavuta. Kimya. Mianya ya pembeni haikuwapo tena; mdomo ulilalia safu moja, ukafumba.

Mzee akatega sikio. "Vuta tena."

Kimya.

"Kwa hiyo jino limerudi ndani?"

"Hapana, baba. Limekataa. Wenzake ndio wamehamia kwake."

Mzee alicheka mpaka mrija ukamtoka. Wakati wa operesheni ya vijiji, serikali ilipohamisha watu kwa nguvu, yeye aligoma kuiacha migomba yake. Wakubwa wakamsukuma wakachoka, mwisho wakachora kijiji cha Ujamaa kumzunguka. Mpaka leo ofisi ya kijiji iko mlangoni pake.

"Hilo ni jino la ukoo wangu," akasema. "Posa nimeipokea."

Vita vilipokwisha, Bonaventura akarudi, akampiga Pancras picha ya eksirei ya meno, akajishika kichwa. Mzizi wa jino huvikwa tabaka gumu mithili ya mfupa. Kwa Pancras tabaka lilizidi, mzizi ukanenepa chini kama kichwa cha rungu.

"Ningepiga picha kwanza, nisingehangaika kulivuta," akasema. "Jino la hivi kulisogeza ni kazi, kuling'oa ni kazi zaidi. Ila haya mengine naweza kuyarudisha yalikotoka. Utapendeza, bwana harusi."

Harusi ilikuwa bado, na siku hiyo kuna chungu kingine, watu wengi zaidi; meno yakirudi, mianya nayo inarudi. Pancras akamtazama Theodosia, aliyekuwa amemsindikiza. Theodosia akaitazama koleo mkononi mwa daktari.

Wewe msomaji wangu, ungekuwa ndiye Theodosia, ungemjibu Pancras nini?