Machozi Marufuku kwa Bi Kwikwi

Saa tatu asubuhi, Bi Kwikwi anapanda ngazi za jengo lenye duka la magodoro chini na studio ya sauti juu. Kila baada ya ngazi sita anasimama.

"Katika mji huu hakuna anayelia kunizidi," anasema akiwa katikati, mkono kiunoni. Anavuta pumzi. "Ukimtoa mtoto wa jirani yangu akinyang'anywa simu. Yule ana kipaji. Mimi nina mazoea tu."

Kulia ndiyo kazi yake. Filamu za ng'ambo zinapotiwa sauti za Kiswahili, wengine husema maneno. Pakifika pa kwikwi, huitwa yeye. Ana miaka sitini na mitatu, na kwa miaka kumi na mmoja amewalilia wanawake asiowajua: bi harusi aliyeachwa kituoni na sanduku lake, bibi aliyeuza cherehani ili mjukuu apate dawa. Kilio kimoja humpa nauli ya kwenda na kurudi, na mkate. Siku zenye misiba miwili hurudi na siagi.

Chumba cha kurekodia ni chembamba kama kabati. Kuta zimebandikwa trei za mayai na vipande vya godoro ili sauti isirudi, na feni huzimwa kila mtambo unapowashwa. Mbele kuna kioo. Nyuma yake wanakaa wawili: Fundi, mwanamke wa maneno machache anayeendesha mitambo, na mwongozaji, mwanamume wa makamo ambaye kila mtu humwita Rudia, kwa kuwa hilo ndilo neno lake la asubuhi, mchana na jioni.

Rudia akibonyeza kitufe, taa nyekundu huwaka na sauti yake husikika chumbani. Akiondoa kidole, basi. Shida ni kwamba husahau kukiondoa. Ndiyo maana Bi Kwikwi anawajua mashemeji wote wa Rudia, na aliyegoma kurudisha ngazi aliyoazima anamjua pia.

Juu ya kioo pamebandikwa karatasi: MACHOZI MARUFUKU.

Mgeni anaweza kudhani ni mzaha, lakini hiyo ndiyo sheria kuu ya kazi hii. Mtu akilia kweli, pua huziba, koo hukaza, na sauti hutoka kama ya chura ndani ya debe. Anayelipwa kulia haruhusiwi kulia.

"Wengine huniuliza natumia kitunguu gani," anasema. "Kitunguu kinaleta machozi, hakileti sauti. Na kipaza sauti hakina macho. Mimi nalia kwa mbavu, uso mkavu kama kaniki juani."

Rudia mwenyewe hujigamba kwamba katika miaka kumi na minane hajawahi kulizwa na filamu. "Filamu ni kazi," hupenda kusema. "Daktari wa meno akilia na mgonjwa, jino atang'oa nani?"

Safari hii, hata hivyo, Bi Kwikwi hakuja kulia. Baada ya kubembeleza miezi mitatu, amepewa kwa mara ya kwanza mama mwenye maneno, toka mwanzo wa filamu hadi mwisho. Amemaliza yote isipokuwa sehemu moja, nayo imemkwamisha siku mbili.

Sehemu yenyewe haina hata jeneza. Mwana aliyeondoka nyumbani kwa hasira anarudi baada ya miaka tisa. Mama anafungua mlango, anamtazama, hamuulizi alikuwa wapi. Anaenda mezani, anafunua sahani iliyofunikwa, anaigusa kwa kiganja. Anamwambia chakula kimepoa, ampashie? Basi. Filamu inaishia hapo.

Juzi Bi Kwikwi alijaribu mara kumi na moja. Kila akifika kwenye sahani, pua iliziba.

"Ni mafua," aliwaambia.

Taa nyekundu ikawaka. "Mafua gani hayo, mama, yanayokuja kwenye sentensi moja tu?"

Jana ikawa vilevile. Rudia akatoa neno la mwisho: leo hadi saa sita mchana, la sivyo mama huyu anapewa mtu mwingine, na Bi Kwikwi arudi kwenye kwikwi zake. Mtu mwingine mwenyewe ameshafika. Ni msichana wa matangazo ya redio, wanamwita Asali, amekaa kwenye benchi la nje na chupa ya maji ya uvuguvugu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hilo benchi usilipashe moto sana, sijafa."

Asali anacheka. Bi Kwikwi hacheki.

Akiwa amefunga mlango, anaeleza kilichomkwamisha. Marehemu mume wake alikuwa mlinzi wa ghala. Alikuwa akirudi asubuhi wengine wanapotoka, na chakula chake cha jana kilikuwa mezani, kimefunikwa.

"Miaka ishirini na sita nimemwambia maneno hayo, na sikulia hata siku moja," anasema. "Leo nalipwa kuyasema, nashindwa. Huu si ujinga?"

Anakunja leso, anaiweka mbali, upande wa pili wa chumba, ili asiishike.

"Watu wanadhani kinacholiza kwenye filamu ni msiba. Msiba mimi naulilia huku nawaza bei ya mafuta ya taa. Kinacholiza ni kitu kidogo. Mtu anakunja shati la aliyeondoka. Mtu anafunika sahani."

Saa nne na nusu wanaanza. Mara ya kwanza, anachelewa. Mara ya pili, sauti inakatika. Mara ya tano, taa inawaka: "Rudia." Mara ya nane Asali anachungulia mlangoni, na Bi Kwikwi anamwonyesha benchi kwa kidole.

Saa tano na dakika arobaini anavua vifaa vya masikioni.

"Fundi, nionyeshe mdomo wa yule mama. Bila sauti."

Picha inapita kimya. Bi Kwikwi anahesabu kwa vidole, kimoja kila mdomo unapofunguka. Anaomba tena. Anahesabu tena. Kisha anaishika karatasi ya mtafsiri na kuisoma polepole, kidole kimoja kwa kila silabi: "Chakula kimeshapoa mwanangu, ngoja nikupashie moto." Vidole vya mikono vinaisha akiwa hajafika mbali, anavua kandambili na kuendelea na vya miguu.

"Bosi," anaita, "mdomo wa huyu mama unafunguka mara tisa. Maneno yenu yamemaliza vidole vyangu vyote ishirini. Siku tatu mnanikimbiza kama mwizi, pumzi nitaitoa wapi? Pumzi ikikatika, kilio kinapata mlango."

Taa nyekundu. "Maandishi hayaguswi, mama. Mtafsiri ana cheti."

"Na mimi nina miaka ishirini na sita ya kuyasema. Nipe mara moja. Ikishindikana, mwite mtoto wa watu aingie, nami nitamshikia chupa yake."

Fundi anamtazama Rudia. Rudia anatazama saa.

"Mara moja," anasema.

Wakati mtambo ukirudishwa nyuma, Bi Kwikwi anakunywa maji na kusema mpango wake. "Nikiipata hii, filamu ijayo wasiniite kulia. Nataka mama anayegombana na majirani toka mwanzo mpaka mwisho. Hiyo hata kufundishwa sihitaji."

Kuna jambo jingine analokumbuka, na ndilo linalomsaidia. Asubuhi zile hakusema maneno hayo kwa huruma. Aliyasema kwa kununa kidogo, kama mtu aliyesubiri, mwenye usingizi, ambaye hataki ijulikane kwamba alisubiri.

Feni inazimwa. Picha inaanza. Mlango unafunguliwa, mama anamtazama mwanawe, anaenda mezani, anafunua sahani. Bi Kwikwi amesimama miguu mitupu, mikono nyuma, uso mkavu.

"Kimepoa," anasema, kwa kununa. Anaacha pumzi moja ipite. "Nikupashie?"

Mara tisa. Mdomo na sauti vimefungwa pamoja, kama kifuniko na sufuria yake.

Anasubiri neno la Rudia la kila siku. Haliji. Taa nyekundu inawaka, na bado hakuna neno.

"Ngoja," inasema hatimaye sauti ya Rudia, nzito. "Ngoja kidogo, mama. Mtambo umekwama."

"Mtambo hauna neno, bosi," anasikika Fundi.

"Nimesema umekwama! Nipe hicho kitambaa."

Kisha inasikika pua ikipengwa, kwa nguvu, mlio ukijaa chumba kizima mpaka kwenye trei za mayai. Bi Kwikwi anasogea kwenye kioo na kuigonga karatasi iliyo juu yake, kwa ukucha.

"Bosi, kidole bado kiko kwenye kitufe."

Nyuma ya kioo Rudia anageukia ukutani.

"Ni mafua," anasema.

"Mafua gani hayo, mwanangu," anauliza Bi Kwikwi, "yanayokuja kwenye sentensi moja tu?"