Meno Mapya ya Babu

Juzi mpira uliningʼoa jino la mbele, na tangu hapo mimi, mchekeshaji wa darasa zima, ninacheka nimeziba mdomo kwa kiganja. Ndipo nikamkumbuka Babu.

Babu hakuwa na jino hata moja, na kila siku alikula peke yake nyuma ya ghala la mpunga. Mimi, kwa utoto wangu, niliamini anatuficha minofu.

Kisha akaletewa meno ya bandia kutoka Dar es Salaam. Alasiri moja wageni walifika kutoka Kiberege kumposa shangazi yangu, na Babu akaketi nao mkekani, anacheka waziwazi, meno yamepangana kama punje za muhindi. Mchuzi wa kambare ulinukia mpaka barabarani.

"Kuleni, wakwe zangu. Leo tunakula wote," alisema, akauma kichwa cha kambare. Meno yote yakachomoka, yakatumbukia bakulini.

Nilidhani ni mchezo wake, nikasubiri wageni wacheke. Wote waliinamia mkeka. Babu akayaokota, akajiziba mdomo kwa kofia, akaondoka.

Nilimfuata nyuma ya ghala, nikijua sasa nitaiona ile minofu. Bibi alikuwa amemwekea ubwabwa uliopondwapondwa, kama wa mtoto anayeachishwa ziwa. Babu aliponiona aligeukia ukutani.

"Nenda ukale na watu, mjukuu wangu," alisema kwa ufizi. "Wakiniulizia, waambie nimeshiba."