Filimbi Mbili Fupi: Mlinzi wa Bustani na Mbwa Aliowafukuza kwa Miaka 23

Saa moja kasorobo asubuhi, Nadège Delcroix anasukuma lango la chuma la Bustani ya Vanneste, mtaa wa Wazemmes, mjini Lille, kisha anafanya jambo ambalo mgeni angelishangaa. Anageuka na kulipa lango mgongo.

Lazima ageuke. Nje, kwenye lami, wanasubiri mbwa wanne, kila mmoja na kamba shingoni na mwenyewe nyuma yake, na hakuna hata mmoja atakayevuka pale huku mama huyu akimtazama.

"Geuka vizuri, Nadège, usiibie jicho!" anaita mzee mwenye mbwa mweusi wa miguu mifupi. "Huyu wangu amebanwa tangu saa kumi na moja."

"Mwambie nimeshageuka. Au anataka nifumbe na macho?"

Mbwa wanapenya upandeupande, mikia wameikunja, kama watu waliochelewa misa. Nadège anaanza kuzunguka bustani. Kazi inamtaka azunguke mara moja kabla ya saa mbili. Leo, Alhamisi, kufikia saa hiyo ameshazunguka mara tano. Kahawa yake ameiacha juu ya pipa la taka, imepoa, hata hakumbuki kama aliionja.

Mtaa mzima unajua kinachomwasha. Jioni kuna mkutano wa baraza la mtaa, na huko ndiko itakakoamuliwa kama mbwa wenye kamba wataendelea kuingia hapa au watarudi nje ya uzio.

Mtaa unachojua ni hicho tu. Kuna kingine anachokijua Nadège mwenyewe, na tangu juzi anajua kwamba hata bibi mmoja wa ghorofa ya pili, barabara ya nyuma, anakijua.

Nadège ana miaka 51. Ishirini na tatu kati ya hiyo ameimaliza akiwa amesimama ndani ya uzio huu, kwa mshahara ambao sasa, baada ya makato, ni euro 1,710 kwa mwezi, na kwa magoti ambayo daktari amemwambia ayahurumie.

Hadi Machi mwaka huu mbwa alikuwa haruhusiwi kabisa. Hata wa kubebwa kwenye kikapu. Aliyewarudisha langoni alikuwa yeye, kwa filimbi. Mlio mmoja mrefu ulikuwa wa watu: shuka kwenye sanamu, ondoa baiskeli, tunafunga. Milio miwili mifupi ilikuwa ya mbwa: toka.

"Nimeitwa majina ambayo gazeti lenu haliwezi kuyachapa," anasema. "Moja lilikuwa zuri sana, nikaliandika ukutani pale kibandani."

Wapole walimwita Mama Filimbi.

Miongoni mwa wapole hao ni Bi Reine Desmaretz, mjane wa miaka 79 aliyestaafu kutoka kiwanda cha nyuzi. Mbwa wake anaitwa Puce, yaani Kiroboto, na ana uzito wa kilo 38. Kwa miaka sita Bi Reine alikuwa akimfunga Puce kwenye uzio kwa nje, anaingia, anakaa kwenye benchi lililo karibu kabisa na vyuma, kisha anapitisha mkono katikati ya nondo na kumshika mguu. Saa nzima. Kama mke aliyekwenda kumwona mume gerezani.

Wazemmes hawana dogo. Muuza chipsi wa pale kona alikuwa akisema marehemu Bwana Desmaretz, miaka arobaini ya ndoa, hakuwahi kushikwa mkono namna ile.

Ndipo ukaja uamuzi wa majaribio: miezi minne, kuanzia Machi mosi. Kamba fupi, kinyesi kiokotwe, uwanja wa watoto mbwa asiukanyage. Ikitokea ajali moja kubwa, suala linarudi barazani. Walinzi nao walitia saini karatasi yao. Kifungu cha tatu kilisema milio miwili mifupi imekwisha, isitumike tena.

Siku ya kwanza wenye mbwa walikuja kwa wingi, wamevaa kama wanakwenda harusini. Nadège akafungua lango na kusema, "Haya, karibuni." Mbwa kumi na saba wakakaa chini.

Hawakuingia. Walivutwa, wakabembelezwa, mmoja akaonyeshwa jibini. Wapi. Walikuwa wamefundishwa na mwalimu mmoja, na mwalimu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni anatabasamu.

"Nilicheka mpaka nikalia," anasema Nadège. "Halafu nikalia kwelikweli. Ujue, hawa wanyama hawajawahi kuniuma. Ila wote waliniogopa."

Bi Reine ndiye aliyegundua dawa. "Wewe dada, hebu geuka!" Akageuka, wakaingia.

Baada ya hapo bustani ikajaa. Wazee ambao hawakuwa wamekaa pale miaka kumi walirudi, kwa sababu sasa hawakulazimika kuchagua kati ya benchi na mbwa. Kufikia Aprili, mabenchi ya upande wa jua yalikuwa yanagombewa.

Mei 14, saa tisa alasiri, mpeleka chakula akakata njia kwa baiskeli katikati ya bustani, kasi kama mwizi, akipita pembeni mwa uwanja wa watoto. Nadège alikuwa hatua thelathini kutoka pale.

"Mdomo ulikwenda kabla ya kichwa," anasema. "Nilitaka mlio mrefu. Ikatoka miwili mifupi. Miaka ishirini na tatu, jamani. Mdomo nao una mazoea yake."

Mbwa tisa waligeuka kwa pamoja na kuelekea langoni. Wanane walikuwa wadogo, au wenyewe walikuwa na nguvu. Wa tisa alikuwa Puce, na kamba yake Bi Reine alikuwa ameizungusha kwenye kiganja.

Bibi alivutwa hatua nne, akaanguka mbele ya kisanduku cha mchanga, mbele ya watoto. Kiganja kikavunjika mahali pawili. Puce alikimbia mpaka nje ya lango, akakaa pale kwenye lami, akasubiri, ametii.

Aliyeona vizuri zaidi alikuwa Aurélien Sockeel, fundi wa lifti, baba wa mapacha wa miaka mitatu. Aliona mbwa mkubwa akimburuta bibi kizee karibu na wanawe. Filimbi hakuitilia maanani. Pale filimbi hulia kutwa nzima. Wiki hiyohiyo aliandika malalamiko na kukusanya saini sitini na nne.

Nadège naye aliulizwa na bosi wake, Franck Herbaut. Kwenye fomu aliandika maneno mawili: mbwa alivuta.

"Si uongo," anasema. Anasimama, anakaa, anasimama tena. "Ndiyo ubaya wake. Si uongo."

Alikuwa na sababu. Mwezi huohuo alikuwa amefanya usaili wa cheo cha mlinzi mkuu katika bustani kubwa ya upande wa pili wa mji. Ofisi, hita, kiti. Kilichokuwa kimebaki ni saini ya Herbaut.

"Kiti, unanielewa? Ningekuwa nakaa. Hujui neno kukaa lina utamu gani mpaka upewe magoti haya."

Kwa wiki tatu hakutulia. Alikula amesimama. Alipaka rangi pipa ambalo halikuhitaji rangi. Kila alipopita karibu na uzio alimwona Puce akitembezwa na mtoto wa jirani kwa upande wa nje, kwa kuwa Bi Reine aliogopa kumleta ndani mpaka kesi iishe.

Jumanne akanunua keki ya sukari, akapanda ghorofa ya pili. Yaliyofuata wanayasimulia wote wawili, kila mmoja akimkatiza mwenzake.

"Bi Reine, nimekuja kukuambia kitu. Ukinifukuza nitaelewa."

"Weka keki kwanza mezani. Ukifukuzwa, yenyewe inabaki."

"Siku ile haikuwa kosa la Puce. Ni mimi. Nilipiga miwili mifupi."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nadège, mimi ndiye niliyeanguka. Unadhani nilianguka huku nimelala? Mkono umevunjika, masikio ninayo."

"Wiki tatu unajua, na umenyamaza?"

"Wewe je? Hukunyamaza?" Bi Reine alikata keki kwa mkono wa kushoto, vipande vibaya. "Nilisikia unatafuta kiti huko ng'ambo. Nikasema mwache apate kiti. Alhamisi nitawaambia nilivaa viatu vibovu."

"Viatu gani? Ulivaa vya kamba, vya daktari!"

"Nitavaa vingine kwenye mkutano. Nani atakumbuka?"

Nadège anasema alishuka ngazi zile akiwa hajui acheke au ajitupe kwenye mfereji. Ajuza wa miaka 79, mkono kwenye plasta, alikuwa anajiandaa kusema uongo mbele ya mtaa mzima ili yeye apate hita.

Asubuhi ya Alhamisi alimpigia Herbaut akamweleza.

"Kuna mtu amekuuliza habari za filimbi?" aliuliza Herbaut.

"Hapana."

"Basi, dada. Acha watu wajadili mbwa. Mimi sitakuzuia kusema, lakini ukisema itabidi niandike. Nikishaandika, nitatiaje saini ile nyingine?"

Mkutano ni saa kumi na mbili jioni, katika ukumbi wa shule ya chekechea, kwenye viti vya watoto. Watu zaidi ya mia, magoti yamefika kidevuni. Mbwa kumi na mmoja wamefungwa nje uani, kwenye vyuma vya kuegesha baiskeli, mbele ya dirisha. Harufu ya kahawa na ya koti lililolowa. Kila mtu ana habari ya mwenzake.

Sockeel anaongea kwanza, na anaongea vizuri. "Mimi si adui wa mbwa. Nimelelewa na mbwa. Lakini nilichokiona nilikiona, na siku hiyo wanangu walikuwa hatua mbili. Leo kiganja cha bibi. Kesho nini?"

Makofi mengi. Nadège, nyuma, hajakaa. Amesimama kwenye mlango kama aliyeitiwa teksi.

Bi Reine ananyanyuka, plasta mbele kama ngao. Miguuni amevaa viatu vya visigino ambavyo hakuna aliyewahi kumwona navyo. "Mimi nina neno kuhusu viatu," anaanza.

"Bi Reine, kaa chini!"

Vichwa mia vinageuka.

"Sikai. Kiti chenyewe nikikaa nitainuliwa na nani?"

"Basi simama, lakini nyamaza." Nadège anakuja mbele. "Si viatu, na si mbwa. Nilipiga filimbi mbili fupi. Nilikatazwa kwa maandishi, nikapiga. Puce alifanya nilichomfundisha. Kwenye fomu niliandika kwamba alivuta, nikaishia hapo. Basi."

Ukumbi unavuma. Herbaut anatazama dari. Sockeel anasimama, si kwa hasira, ila kama fundi asiyeamini mashine aliyoelezwa kwa maneno.

"Samahani, mama. Kila mtu hapa anakupenda na wewe unampenda bibi. Sisi tutajuaje? Mbwa ananyanyuka na kumburuta mtu kwa sababu ya filimbi tu?"

Nadège anageuka. Anakwenda dirishani, analifungua, anatoa filimbi. Uani mbwa kumi na mmoja wamelala, wengine usingizi kabisa. Anapiga. Mbili, fupi.

Wote kumi na mmoja wananyanyuka, pua zote zikielekea lango la shule. Kamba zinakaza. Vyuma vya baiskeli, ambavyo tangu vifungwe hakuna aliyevijaribu kwa mbwa kumi na mmoja, vinang'oka upande mmoja na kuanza kusogea kwenye saruji kwa kelele, baiskeli mbili zikiwa bado juu yake, Puce mbele kama farasi wa gari.

"Baiskeli yangu!" anapiga kelele Herbaut.

Nusu ya ukumbi inakimbilia nje, nusu inacheka hadi viti vinadondoka. Sockeel ndiye anayefika kwanza kwenye vyuma na kuvikalia. Anarudi akihema, suruali imechanika gotini. "Nimeelewa," anasema, na hilo ndilo neno lake la mwisho kwa jioni hiyo.

Kura hazikuwa rahisi hata baada ya hapo. Wengi walitaka mbwa wabaki. Wengine walisema mnyama anayetii filimbi kiasi hicho ni hatari vilevile, na hawakukosea kabisa. Wakakubaliana nusu: majaribio yanaongezwa mpaka mwisho wa Septemba. Mbwa akiondoka tena namna ile, kwa filimbi ya yeyote, wanarudi nje ya uzio na hakutakuwa na mkutano mwingine.

Ijumaa Nadège alipata barua mbili kutoka kwa Herbaut. Moja ya onyo. Nyingine inasema nafasi ya mlinzi mkuu amepewa mtu mwingine. Kwa chini, kwa kalamu, Herbaut ameongeza kwamba mwakani mlinzi mkuu wa bustani ya kaskazini anastaafu.

"Nitaomba," anasema Nadège. "Barua nimeshaianza. Onyo hukaa kwenye faili, halikai kwenye magoti."

Kiti kinaweza kungoja mwakani. Septemba haingoji. Kila siku saa kumi, Bi Reine na Puce wanakuja kwenye nyasi za nyuma, Puce amefungwa kwenye mti, si kwenye mkono wa mtu. Nadège anachuchumaa, magoti yakilalamika, kipande cha jibini kiganjani, na kupiga mbili fupi, polepole, karibu kwa kunong'ona. Puce ananyanyuka, anavuta kuelekea langoni. Wanaanza upya. Wiki ya kwanza alivuta kila mara. Jana, kati ya mara ishirini, alibaki amekaa mara tatu.

"Mbwa wapo arobaini na kitu mtaani," anasema, tayari amesimama, tayari anatazama nyuma ya bega lake. "Nimewafundisha kuondoka kwa miaka ishirini na tatu. Nina miezi mitatu ya kuwafundisha kubaki."