Jina la Duka la Odelu

Swaroopa alikuwa na miaka ishirini na mitatu wanakijiji wenzake walipompasua jicho Odelu, muuza mbegu wao, na mpaka leo hamlaumu mtu mwingine ila nafsi yake.

Alikuwa Hyderabad, India, akisoma mambo mawili ambayo baba yake hakuwahi kuona yanavyokutana: mchana kuchambua vinasaba kwa kompyuta, jioni biashara. Msimu ule pilipili za kijiji chao, upande wa Warangal, zilirefuka hadi kifuani, zikatoa maua, zikagoma kuzaa. Wakulima walikuwa wamechomeka pakiti za mbegu kwenye mapaa, kama kawaida yao, ziwe ushahidi. Swaroopa akakung'uta punje zilizobaki ndani ya pakiti arobaini, maabara ya chuo ikasoma vinasaba vya punje hizo, na programu aliyoiandika mwenyewe ikamaliza ubishi: mbegu zilikuwa feki, na kwa namba za kwenye pakiti zote zilikuwa za toleo moja, kutoka kiwanda kimoja.

Hapo akili ya biashara ikamponza. Alitaka kufungua kampuni ya kupima mbegu, na ripoti hii ndiyo ingekuwa tangazo lake. Namba ya toleo nani angeihangaikia? Mwalimu wa masoko aliwafundisha kumpa mteja jina analolijua. Basi juu kabisa, kwa herufi nene, akaandika: "Mbegu feki, duka la Odelu." Kiwanda akakiweka ukurasa wa tatu. Akaituma kwenye kundi la simu la wakulima, akapanda basi kwenda kupokea pongezi.

Alikuta duka limeshavunjwa. Odelu, aliyekuwa akimpa peremende tangu hajajua kusoma, amepiga magoti kwenye mbolea iliyomwagika, meno mawili hana, damu inamchuruzika hadi kifuani. Sammaiah, aliyeng'oa pilipili za shamba lake zima kwa mikono, alikuwa akimshushia fimbo ya kuswagia nyati wa kufugwa.

Swaroopa akajipenyeza katikati.

"Mjomba Sammaiah, mwache. Na yeye alidanganywa. Ni kiwanda."

"Usituchezee, binti. Si wewe uliyeandika Odelu?"

"Kiwanda kipo ukurasa wa tatu."

"Wa tatu," Sammaiah akacheka, macho mekundu. "Sisi tuliishia wa kwanza, msomi wetu."

Swaroopa akamlalia Odelu mgongoni. Fimbo iliyofuata ilimvunja mtulinga, mfupa wa begani, akausikia ukikatika. Kisha mtu akarusha jiwe la mizani, la chuma, la kilo mbili. Lilipita juu ya kichwa chake likatua usoni pa Odelu. Yule mzee hakupiga hata kelele, na hilo ndilo lililowatawanya.

Kiwandani hakwenda mtu hata na kijiti. Ni mbali, na kina geti.

Msimu mpya Swaroopa alikuwa na kampuni ya chumba kimoja, mashine ya kukodi, na bega lililopinda. Mteja wa kwanza kuingia alikuwa Odelu, kitambaa jichoni, mfuko wa pakiti mkononi.

"Nipimie kabla sijauza," Odelu akasema.

Alimpimia siku mbili bila kulala vizuri, akarudia mara tatu. Mbegu zilikuwa halali. Akamwambia kwamba hatamtoza.

"Utanitoza, mwanangu, kama unavyowatoza wengine," Odelu akajibu. "Ila jina la duka langu liweke juu kabisa. Kwa herufi zilezile."