Akamwani ya Mwenye Mashine

Tangu Edvina alipokuwa akienda kukoboa kahawa mgongoni kwa mama yake, mwenye mashine alimpokea kila mtu mlangoni kwa akamwani, ile kahawa kavu ya kutafuna, akiichota kikapuni kwa vidole vyenye vumbi la maganda. Mashine ikiunguruma aliinamisha kichwa akiisikiliza, kama Edvina anavyosikiliza sasa pumzi za mwanawe akiwa na homa.

Biashara yake ilipofilisika, mahakama ikamtuma msimamizi wa kuishika. Wakulima wakaanza kufunga magunia yao, maana walizoea kuona dalali anafunga mlango na vyuma vinauzwa, na wao wangebaki kubeba kahawa hadi Bukoba. Mzee mwenye mashine akampa mgeni huyo akamwani. Mgeni akaitia mfukoni.

"Tafuna, waitu, ndugu yetu! Hiyo si ya kupeleka mahakamani!" mzee akamwambia.

Watu wakacheka, na msimamizi akatafuna uso umemkunjamana. "Hatufungi," akasema. "Sheria ya siku hizi inataka kwanza tujaribu kuiokoa biashara. Utaendesha mashine wewe, mzee, ila chini yangu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee akakabidhi funguo, akatoka nje, kisha akarudi akasimama mlangoni kiganja wazi, kama mgeni. Msimamizi akampa mkono, akidhani anaagwa. Edvina ndiye aliyeelewa: mlango haukuwa tena wa mzee, naye alingoja kupokewa. Akachota kikapuni, akamwekea kiganjani.

"Karibu, Taata, baba yetu."

Mzee akatafuna polepole, ndipo akaingia kuwasha mashine.